Haibridi kwenye theluji: hofu nyingi ziko mahali pasipo hatari

Ukisikiliza wanaoogopa kuendesha gari la haibridi, yaani lenye injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme, wakati wa baridi kali, karibu wote wanataja betri kubwa inayoendesha mota hiyo. Wachache sana hutaja tairi, bomba la moshi au betri ndogo, na hapo ndipo mtu anapoumia au kukwama. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu hofu ikielekezwa pasipostahili, tahadhari nayo hupotea.

Dhana: Betri kubwa huganda, gari halitawaka.

Baridi huipunguzia betri kubwa uwezo wa kutoa na kupokea umeme, kwa hiyo kompyuta ya gari huibana mpaka ipate joto. Inayolaza gari asubuhi ni ile ndogo ya volti 12. Haibridi nyingi hazina stata ya kawaida. Injini huzungushwa na mota inayokula umeme wa betri kubwa, lakini betri hiyo imetengwa na swichi ambazo kompyuta ndizo huziunganisha, na kompyuta zenyewe huamshwa na volti 12. Ndogo ikiisha, kubwa hata ikiwa imejaa haina msaada.

Ubaya ni kwamba betri ndogo huchoka bila kuaga. Kwenye gari la kawaida utasikia stata ikizunguka kwa uvivu siku kadhaa kabla haijakata. Hapa hakuna sauti ya kukuonya. Mpe fundi aipime kabla msimu haujaingia. Kumbuka pia kwamba huchajiwa tu gari likiwa tayari kuondoka, yaani neno READY likiwaka kwenye dashibodi. Kukaa ukisikiliza redio bila READY ni kuimaliza, na betri ndogo ya asidi iliyoishiwa chaji huganda mapema kuliko iliyojaa.

Dhana: Gari liko kimya, basi limezimwa.

Hii ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote, kwa kuwa inaua. READY ikiwa inawaka, injini inaweza kujiwasha yenyewe wakati wowote ili kuchaji betri au kuleta joto. Mtu anaingiza gari gereji, hasikii mngurumo, anaondoka na ufunguo mfukoni. Ufunguo kuwa mfukoni hauzimi gari. Baadaye injini inawaka, na kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu inapenya mpaka vyumba vya kulala. Bonyeza kitufe cha kuzima, kisha tazama dashibodi mpaka ithibitishe. Nyumba yenye gereji iliyoungana nayo iwe na kengele ya gesi hiyo.

Hatari ni ileile ukikwama njiani huku theluji ikiendelea kuanguka. Fukua bomba la moshi kabla ya kuwasha joto, urudi kulikagua kila baada ya muda, na uache dirisha la upande usio na upepo wazi kidogo. Ukimya wa dakika kumi haumaanishi kuwa injini haitafanya kazi dakika ya kumi na moja.

Dhana: Mafuta yanaisha haraka, gari limeharibika.

Hapana. Kwa mujibu wa Wizara ya Nishati ya Marekani, ukiendesha mjini, umbali unaopatikana kwa kiasi kilekile cha mafuta hupungua takriban asilimia 15 kwa gari la petroli joto likiwa nyuzi 7 za Selsiasi chini ya sifuri badala ya nyuzi 25 juu yake. Kwa haibridi ni asilimia 30 hadi 34. Injini hulazimika kuwaka mara kwa mara ili ipashe joto ndani ya gari na mfumo wa kusafisha moshi, wakati ambapo ingekuwa imepumzika. Kiti na usukani vyenye joto la umeme hutumia nishati kidogo kuliko kupasha hewa yote.

Dhana: Breki zinazorudisha umeme hushika vizuri zaidi kwenye barafu.

Breki hizo, ambazo hutumia mota kupunguza mwendo na kuugeuza umeme wa betri, hufanya kazi kupitia magurudumu yanayovuta tu, mara nyingi ya mbele. Gurudumu likianza kuteleza, mfumo huziondoa na kuziachia kazi breki za kawaida pamoja na ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge. Katika kupokezana huko unaweza kuhisi kama gari limeachia ghafla. Dereva asiyejua hushtuka na kuinua mguu, jambo ambalo hurefusha umbali wa kusimama. Endelea kukanyaga. Na kama gari lako lina gia ya B, inayopunguza mwendo kwenye mteremko, usiitumie penye barafu: huyabana magurudumu yanayovuta peke yake na inaweza kuyatelezesha.

Dhana: Likivuta magurudumu yote manne, tairi yoyote inatosha.

Kuvuta kwa manne hukusaidia kuondoka. Kusimama ni habari nyingine, maana kila gari tayari hufunga breki kwa magurudumu manne. Haibridi nyingi hutoka kiwandani na tairi zilizochaguliwa kwa kubana mafuta, na mpira wa tairi za kiangazi huwa mgumu joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Tafuta tairi zenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji, na ufunge zote nne. Ukifunga mbili za mbele tu, nyuma itakuzunguka kwenye kona. Pima upepo tairi zikiwa baridi, kwani hushuka karibu psi 1 (kipimo cha upepo wa tairi) kwa kila nyuzi 5 au 6 joto linapopungua.

Dhana: Kwenye foleni ndefu ya theluji, weka N (gia huru) upumzishe gari.

Katika haibridi nyingi betri kubwa haichajiwi gia ikiwa N, huku taa na joto vikiendelea kuinyonya. Weka P, gia ya kuegesha.