HPV na Mlango wa Kizazi: Usingoje Uone Damu

Juzi nimempokea kliniki dada wa miaka 33. Kabla hata hajakaa alitoa kwenye mkoba mfuko wa nailoni wenye maboksi manne matupu ya vidonge vya kuweka ukeni. Miezi saba anatokwa na damu kila baada ya tendo la ndoa, na miezi saba anaambiwa dukani ni fangasi. Katika muda wote huo hakuna aliyeutazama mlango wake wa kizazi. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa kila siku, nami nayajibu kama ninavyoyajibu pale pale chumbani.

HPV ni nini?

Ni kirusi kinachoambukizwa kwa kugusana ngozi kwa ngozi sehemu za siri, hasa wakati wa kujamiiana. Kina aina zaidi ya 200. Aina ya 6 na ya 11 huleta masundosundo, ambayo yanakera lakini si saratani. Za kuogopwa zaidi ni ya 16 na ya 18: hizo mbili peke yake husababisha takribani asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi.

Kwa hiyo mwenye HPV ni mhuni?

Hapana, na neno hilo lisiingie kliniki. Wengi wa wanaojamiiana hukipata wakati fulani maishani, hata aliyewahi kuwa na mwanamume mmoja tu. Kwa walio wengi mwili hukiondoa wenyewe ndani ya miaka miwili hivi. Kazi iko kwa wale ambao kirusi kinagoma kutoka.

Nitajuaje kama ninacho? Mimi siumwi popote.

Hutajua. Kirusi chenyewe hakiumi. Seli za mlango wa kizazi zikianza kubadilika, haziumi. Hata saratani ikiwa changa, kwa kawaida haiumi. Kutoka maambukizi hadi saratani hupita miaka 15 hadi 20, au 5 hadi 10 kwa mwenye kinga dhaifu, kama anayeishi na VVU bila kutumia dawa. Miaka yote hiyo mtu anafanya kazi, anazaa, analala vizuri, na ukimwambia apime anakujibu, "Mbona mimi mzima?" Hiyo ndiyo miaka tunayoitaka sisi, kwa sababu ndiyo ambayo tiba yake ni fupi na rahisi.

Lakini dada, kama kuna shida si mwili utaonyesha?

Utaonyesha ukiwa umechelewa. Damu baada ya tendo, damu kati ya hedhi na hedhi, damu kwa mwanamke aliyekwisha koma hedhi, majimaji yenye harufu kali, maumivu ya kiuno yasiyoisha: ikiwa ni saratani, dalili hizi mara nyingi hutokea ikiwa imekwisha kujijenga. Kutokuwa na dalili si kipimo. Naomba hili lieleweke, kwa sababu nimechoka kulisema nikiwa nimeshika majibu mabaya mkononi.

Nikiona damu, si nianze kwanza na dawa ya fangasi, nisubiri nione?

Hapana. Fangasi huwasha, na uchafu wake ni mweupe mzito kama maziwa yaliyoganda. Damu baada ya tendo inahitaji kuangaliwa kwa macho, mwanga na kifaa cha kupanulia uke. Muuza dawa hana hivyo kaunta. Inawezekana kabisa sababu ikawa ndogo, lakini wa kukuambia hivyo ni yule aliyekuangalia. Vidonge vya kuweka ukeni haviondoi HPV, vidonge vya antibiotiki haviondoi HPV, na kujiosha kwa ndani kwa sabuni, manukato au majani ya kuchemsha hakuondoi chochote zaidi ya bakteria wazuri wanaoulinda uke. Tafadhali, acheni.

Chanjo ni ya nani?

Kwanza kabisa ni ya wasichana wa miaka 9 hadi 14, kabla hawajaanza kujamiiana, kwa maana chanjo hukinga na haitibu kirusi kilichokwisha kuingia. Shirika la Afya Duniani linasema dozi moja au mbili zinamtosha mwenye umri wa hadi miaka 20. Kuanzia 21 ni mbili, zikiachana miezi sita. Wenye kinga dhaifu, wakiwemo wanaoishi na VVU, huhitaji angalau mbili, na ikiwezekana tatu. Fuata ratiba ya nchi yako.

Nina miaka 22 na nimeshaanza mapenzi. Nimechelewa?

Faida imepungua, haijaisha. Huenda hujakutana na aina zote ambazo chanjo inazikinga. Uliza, usijikatie tamaa mwenyewe nyumbani.

Wanasema inaharibu kizazi.

Haiharibu. Ndani yake hamna kirusi hai, kuna protini inayofanana na ganda la kirusi tu, na imekuwa ikitumika tangu 2006. Mkono utauma, homa kidogo inaweza kuja, na wasichana wengine huona kizunguzungu, ndiyo maana tunawakalisha dakika 15 kabla ya kuondoka. Saratani ndiyo inayoharibu kizazi: wengine tunalazimika kukitoa chote, kwa mwanamke ambaye bado alitaka watoto. Mama anayemficha binti yake siku ya chanjo ili "alinde uzazi wake" amekosea mlango.

Kondomu inatosha?

Inapunguza hatari. Haifuniki ngozi yote.

Nimechanjwa, bado nipime?

Ndiyo. Chanjo haikingi aina zote. Kwa wanawake kwa jumla kupima huanza miaka 30, kwa wanaoishi na VVU miaka 25. Kipimo cha HPV ni kijiti chenye pamba, unaweza hata kujichukulia mwenyewe. Majibu yakiwa safi, kipimo hurudiwa baada ya miaka 5 hadi 10, au 3 hadi 5 kwa mwenye VVU. Pengine tunatumia asidi ya siki: napaka kwenye mlango wa kizazi, nangoja dakika moja, sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe kama kipande cha karatasi kilicholowa. Mara nyingi tunaweza kuichoma kwa joto au kuigandisha siku hiyo hiyo, na mtu anarudi nyumbani kwa miguu yake. Ni dakika chache tu. Yule dada wa maboksi manne hakuwahi kuzipata.

Nina miadi ya kupima, lakini natokwa na damu. Niahirishe?

Kama ni hedhi, imalize ndipo uje. Kama si hedhi, vaa pedi uje leo. Usione aibu ya kuchafua kitanda. Damu hiyo ndiyo tunayotaka kujua inatoka wapi.