Kuzima seva ya barua pepe: anza na mlango

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nahamisha orodha ya watumiaji kwenye seva ya barua pepe. Postfix, programu inayopokea na kutuma barua, niliiacha ikifanya kazi, maana niliona ni suala la dakika mbili tu. Kwa dakika hizo orodha ilikuwa tupu, na kila barua iliyopiga hodi ilijibiwa 550: mtumiaji hayupo. Jibu linaloanza na 5 ni la mwisho. Seva iliyotuma haijaribu tena, humrudishia mwenye barua barua yake. Wapo ambao hawakuandika tena, na hadi leo linaniuma.

Ningeizima, barua zile zingefika. Seva inayotuma ikikuta poti 25, yaani mlango wa kupokelea barua kutoka seva nyingine, imefungwa, huiweka barua kwenye foleni ijaribu baadaye. Kanuni za SMTP, utaratibu wa seva kupeana barua, zinataka isikate tamaa kabla ya siku 4 hadi 5, na Postfix yenyewe husubiri siku 5. Anayeumia haraka ni mtumiaji wako anayetaka kutuma, kwa hiyo mwarifu mapema.

Siku hizi huanza na `postqueue -p` kutazama foleni. Kukiwa na barua zinazosubiri kuingia kwenye masanduku, nafunga mlango wa nje peke yake:

`postconf -e 'master_service_disable = inet'`
`postfix reload`

Hakuna kipya kinachoingia kutoka kwenye mtandao, lakini zilizo ndani zinaendelea kufikishwa. Foleni ikipungua, `systemctl stop postfix`. Dovecot, programu inayowapa watumiaji barua zao, hufuata, kwa sababu kwangu ndiyo inayopokea barua kutoka Postfix na kuziweka masandukuni. Hapa wengi hunaswa: soketi, yaani mlango ambao systemd huusikiliza kwa niaba ya Dovecot, ikiachwa wazi, mtu mmoja akifungua barua zake huduma inaamka yenyewe. Zima vyote viwili:

`systemctl stop dovecot.socket dovecot`

Kisha `ss -ltn` kuona poti zilizo wazi. Poti 25, 465, 587, 143 na 993 zisionekane. Kama unasasisha vifurushi kwenye Debian, ongeza `systemctl mask postfix dovecot` kuzuia huduma hizo zisiwashwe, la sivyo usasishaji unaweza kuziwasha katikati ya kazi yako.

Wakati wa kuwasha, ondoa kwanza kizuizi hicho kwa `systemctl unmask`, uanze na Dovecot, kisha Postfix, mlango wa nje ukiwa bado umefungwa. Najitumia barua kwa `sendmail` kutoka kwenye seva hiyohiyo. Nikiiona sandukuni, ndipo naifuta ile `inet` na kufanya `reload`.