"Nice" lilianza kama tusi

Wanaojifunza tafsiri hutaka niwathibitishie kwamba "nice" ni "-zuri". Kwa Kiingereza cha leo, sawa. Lakini msome Shakespeare kwa tafsiri hiyo uone utakavyopotea. Katika Romeo and Juliet, Padri Laurence anapopata habari kuwa barua yake haikumfikia Romeo, anasema ile barua haikuwa "nice". Hana maana kwamba iliandikwa vibaya. Anasema haikuwa ya mambo madogomadogo. Ilibeba jambo zito.

Chimbuko la neno hili ni nescius ya Kilatini, yaani asiyejua: "ne" inakanusha, scire ni kujua. Scire huyohuyo ndiye aliyezaa scientia, ambayo sisi tuliipokea kupitia Kiingereza tukaiita sayansi. Ndugu hao! Kifaransa cha kale kikalitumia neno kwa maana ya mpumbavu, na Waingereza wakalichukua hivyohivyo mnamo mwaka 1300. Mhispania akikuita necio hata leo, hakusifu.

Upumbavu uligeukaje uzuri? Polepole, na kwa kupindapinda. Likaja kumhusu mwenye haya, kisha mteuzi, yule asiyeridhika na kila anachoandaliwa. Kwenye uteuzi kuna umakini, basi jambo la "nice" likawa jambo la tofauti ndogo mno, linalohitaji jicho kali. Wanasheria wa Kiingereza bado huitumia maana hiyo wanapotenganisha hoja mbili zinazokaribiana. "Ya kupendeza" ilikuja kushika katika karne ya 18. Maana hizi hazikupokezana kwa zamu. Katika maandishi ya karne ya 16 na 17 zimechanganyika kiasi kwamba mara nyingine huwezi kuapa mwandishi alikusudia ipi.

Katika Northanger Abbey, riwaya ya Jane Austen, iliyotoka mwishoni mwa 1817, Henry Tilney anamtania Catherine kwa kutumia neno hili ovyo. Siku ni "nice", matembezi ni "nice", wasichana nao ni "nice"! Labda hapo mwanzo, anasema, lilihusu unadhifu na ustaarabu tu. Mwanzo wake Tilney ni katikati ya safari. Watetezi wa "maana halisi" ndivyo walivyo: hurudi nyuma hadi pale panapowapendeza, wakatua.

Chaucer, mshairi wa Kiingereza wa karne ya 14, alikuwa mwangalifu zaidi. Katika Troilus and Criseyde, aliyoiandika miaka ya 1380, anasema maneno yaliyothaminiwa zamani sasa tunayaona mageni na ya kipuuzi. Kwa "ya kipuuzi" ameandika "nyce".