Bakuli la chai la Kijapani: yanayosemwa, na yanayotokea tanurini

Koleo refu la chuma linaingia tanurini, linabana bakuli moja na kulitoa likiwaka rangi ya chungwa kama kaa. Halifunikwi na wala halitumbukizwi kokote. Linaachwa hewani, na kadiri wekundu unavyofifia, weusi unachukua nafasi yake. Hiyo ndiyo raku nyeusi, bakuli la kunywea matcha (chai ya kijani ya unga) ambalo Kyoto imelitengeneza tangu karne ya 16, na hapo kazi ya moto imekwisha.

Tafuta video za "raku" mtandaoni, utaonyeshwa jambo jingine kabisa. Chombo cha moto kinatumbukizwa kwenye pipa la maranda ya mbao, miali inaruka, kifuniko kinashushwa, moshi unatanda. Kikitoka kina mistari myeusi ya nyufa na rangi za shaba zinazometameta. Wengi wanaamini wanatazama ufundi wa kale wa Japani. Ufundi huo ulizaliwa Marekani, kuanzia 1960, kwa majaribio ya mfinyanzi Paul Soldner. Ni kazi nzuri na ina wapenzi wake. Ila bakuli la Kyoto halipitii moshi huo, na kuviita vyote viwili jina moja bila maelezo ni kumdhulumu mnunuzi.

Raku ya Kyoto ilianzishwa na Chōjirō, aliyefariki 1589, akifanya kazi kwa karibu na Sen no Rikyū (1522–1591), mwalimu wa chai aliyetaka bakuli tulivu lisilojionyesha. Jina lenyewe linahusishwa na Jurakudai, kasri la mtawala Toyotomi Hideyoshi. Ukoo wa Raku bado unafinyanga. Tangu 2019 uko mikononi mwa kizazi cha 16. Bakuli jeusi hupakwa unga wa mawe ya mto Kamo, mawe yenye chuma, kisha huchomwa peke yake kwa makaa na mivukuto hadi kama nyuzi 1200. Unga ule huyeyuka ukawa utando wa kioo. Mbona basi litolewe lingali linawaka? Kwa sababu ya kile chuma. Likiachwa lipoe polepole tanurini, rangi huelekea kahawia. Likipozwa ghafla, weusi hubaki. Wafinyanzi wa Mino, katika mkoa wa leo wa Gifu, waliijua siri hiyo pia, na mabakuli yao ya namna hiyo huitwa Setoguro. Kulitoa bakuli motoni, kwa hiyo, ni hatua ya kupata rangi.

Na kuna sababu ya kulitofautisha isiyohusu historia: usalama. Vyombo vya maranda huchomwa kwa joto la chini, udongo wake hunyonya maji, na vingi vimetengenezwa viwe pambo. Usinywee chai humo mpaka aliyekitengeneza akuhakikishie kwamba kinafaa.

Dhana ya pili naisikia kila mtu anaposhika bakuli la raku kwa mara ya kwanza. Ukingo umepanda hapa na kushuka pale, ubavu una alama za kisu, duara si duara. "Huyu alikuwa bado anajifunza." Sisi tuna msemo kwamba mfinyanzi hulia gaeni, na mtu hudhani hili ndilo gae alilojibakizia. Lishike tena, safari hii kwa mikono miwili. Halikutengenezwa kwenye gurudumu. Limeinuliwa kwa viganja kutoka bapa la udongo, likaachwa likauke kidogo, kisha likachongwa ndani na nje. Ubavu mnene wenye vitundu vidogo vya hewa huchelewesha joto, ndiyo maana unaweza kukumbatia chai ya moto bila mshikio na usiungue. Udongo huo wa chengachenga ndio pia unaoliwezesha kutolewa kwenye nyuzi 1200 hadi hewani bila kupasuka. Ukingo umeingia ndani kidogo ili chai isiruke inapokorogwa kwa mchapo wa mwanzi. Ukilipindua, utaona kitako kimekatwa kwa uangalifu kuliko sehemu nyingine yoyote, na wajuzi wa chai hukitazama hasa hicho. Mwanafunzi hawezi kupinda hivi.

Halafu kuna wanaokubali kwamba ni kazi ya fundi, ila wanampa moto sifa zote: anaingiza, anasubiri, bahati inachora. Hapa mfano wangu ni Bizen, katika mkoa wa Okayama, ambako hawapaki utando wowote. Udongo wao huchimbwa chini ya mashamba ya mpunga. Ni laini, una chuma kingi, husinyaa sana na hauvumilii joto la haraka. Ndiyo maana moto wa kuni za msonobari mwekundu hupandishwa polepole, mara nyingi kwa siku 10 au zaidi, usiku na mchana, na watu wakipokezana zamu mlangoni. Majivu yanayopeperuka na kutua mabegani mwa chombo huyeyuka na kuacha madoa kama ufuta, na kwa Kijapani madoa hayo huitwa goma, yaani ufuta hasa. Fundi anajua majivu yataangukia wapi, na huo ndio utaalamu wa kupanga tanuri. Chombo cha mbele hupata majivu, kinachofukiwa na makaa hutoka na kijivu na buluu, na kilichofichwa ndani ya chombo kingine hubaki safi.

Tazama hidasuki, ile mistari myekundu inayozunguka bakuli kama kamba. Ni alama ya mabua ya mpunga. Mwanzoni yalizungushiwa vyombo ili visigandane tanurini. Mabua huungua, lakini potasiamu iliyomo hukutana na chuma cha udongo na kuacha wekundu pale tu yalipogusa. Fundi wa leo akizungusha bua mara mbili anajua atapata mistari miwili. Mahali hasa rangi itakapokolea hawezi kukuapia, na hiyo ndiyo nafasi ya moto.

Bahati ipo kweli, sikatai. Hon'ami Kōetsu (1558–1637), bingwa wa maandishi na mtu wa ukoo wa wakaguzi wa panga, alifinyanga bakuli jeupe ambalo motoni nusu yake ya chini iligeuka na kuwa kijivu cheusi. Likaitwa Fujisan, kwa kufanana na mlima Fuji wenye theluji kileleni. Kwa mabakuli ya chai yaliyofinyangwa Japani, ni mawili tu yaliyotangazwa Hazina ya Taifa, hadhi ya juu kabisa ya kazi za sanaa Japani: hilo, na Unohanagaki la mtindo wa Shino (wenye utando mzito mweupe), lililochomwa Mino.

Mawili tu? Ndiyo, na hapa inaanguka dhana nyingine, kwamba bakuli tukufu la chai ya Kijapani lazima liwe la Kijapani. Mabakuli ya chai yenye hadhi hiyo ni 8. Matano ni ya China, ya aina ya tenmoku, yaani yenye utando wa rangi nzito iliyotokana na chuma. Moja, liitwalo Kizaemon, lilifinyangwa Korea na linatunzwa kwenye hekalu la Daitoku-ji, Kyoto.

Deni kwa Korea ni kubwa kuliko bakuli moja, na halikukopwa kwa hiari. Hideyoshi alipoivamia Korea kati ya 1592 na 1598, majeshi yake yalirudi na wafinyanzi. Wengine huviita vita hivyo Vita vya Ufinyanzi. Hagi, Arita na Satsuma, sehemu za Japani zinazosifika kwa ufinyanzi, zimejengwa na mikono hiyo. Tanuri la Hagi lilianzishwa na ndugu wawili, Yi Chak-kwang na Yi Kyŏng, chini ya mtawala wa eneo hilo, Mōri Terumoto. Mwuzaji akikusimulia kwamba kitako cha bakuli la Hagi hukatwa pengo ili lihesabike bovu na watu wa kawaida waruhusiwe kulitumia, msikilize tu, ila usimwamini. Vitako vya namna hiyo vilikuwepo Korea kabla ya hapo.

Hagi ndiyo pia inayowatia watu hofu ya nyufa. Unanunua bakuli, unatia maji, kesho yake unaona unyevu mezani na mtandao wa nyufa nyembamba kama nywele. Umetapeliwa? La. Utando wa kioo husinyaa kuliko udongo unapopoa, ukavutika na kupasukapasuka, huku udongo chini yake ukiwa mzima. Chai hupenya humo na mwaka hadi mwaka rangi hubadilika. Wajapani huita mageuzi hayo "mageuzi saba ya Hagi". Liloweke kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kulitumia, lisuuze bila sabuni, na likauke kabisa kabla ya kurudi kwenye sanduku lake, la sivyo litaota ukungu.

Mwisho, bakuli lililovunjika. Wengi hudhani kintsugi, ufundi wa Kijapani wa kuunga vyombo vilivyovunjika, ni dhahabu iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye ufa. Kinachounga vigae ni urushi, utomvu wa mti unaowasha ngozi ukiwa mbichi na unaokauka kwa kuhitaji hewa yenye unyevu. Hupakwa tabaka baada ya tabaka, kwa wiki au miezi, na unga wa dhahabu hunyunyizwa juu ya tabaka la mwisho tu.

Husimuliwa pia kwamba kintsugi ilianza kwa sababu shoguni (mtawala wa kijeshi) Ashikaga Yoshimasa alichukia bakuli lake lililopasuka, alilolipeleka China, likarudi likiwa limefungwa kwa pini za chuma. Bakuli linalotajwa kwenye kisa hicho lipo, katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo. Ni seladoni, yaani chombo chenye utando wa kijani kibichi, ya Longquan huko China, jamaa ya vigae vilivyofukuliwa Gedi na Kilwa. Jina lake ni Bakōhan, na limetokana na pini zile, zilizofananishwa na nzige. Halijapakwa dhahabu, pini bado zimo ubavuni mwake.