Homuweki ya hesabu: mzazi si lazima ujue jibu

Assalam aleikum wazee wangu. Mimi nafanya kazi na walimu wa hesabu kwenye kituo cha walimu hapa Pemba, na kila nikikaa na wazazi naambiwa neno moja tu, "mwalimu, mie hesabu za Form One zinanishinda, ntamsaidia vipi mtoto?" Basi leo nalijibu, mana kwa sababu hiyo tu watoto wengi wanaachiwa peke yao na daftari.

Chukua hesabu ya nusu jumlisha robo. Mtoto kaandika 2/6, yaani kajumlisha vya juu kwa vya juu na vya chini kwa vya chini, kafunga daftari kenda zake. Kosa hili nalikuta darasa la sita na nalikuta mpaka Form Two. Sasa wewe usiejua kanuni unaweza kulikamata hapohapo, mwambie alete mchele na kibaba cha kupimia. Pishi moja ni vibaba 4, kwa hivyo nusu pishi ni vibaba 2, robo ni kibaba 1, ukivitia pamoja vinakuwa 3, ndo 3/4 hiyo. Halafu muulize, hiyo 2/6 yako si thuluthi, na thuluthi si ndogo kuliko ile nusu ulioanza nayo? Umeongeza mchele, umepungua vipi? Hapo mtoto hucheka mwenyewe, na akicheka ujue kafahamu.

Suali lako wewe ni moja, "umepata vipi?" Mwache akueleze kwa mdomo hatua kwa hatua, na pale anapoanza kugugumia ndo penye tatizo, hata kama jibu lake ni sahihi.

Ile x inayowatisha nayo haina uchawi. Embe 3 za bei moja na mfuko wa shilingi 500, jumla kalipa 2,000, embe moja bei gani? Mtoto anaetumwa dukani kila siku atatoa kwanza 500 ya mfuko, zibaki 1,500, agawe kwa 3 apate 500. Keshafanya aljebra huyo, ila hajaambiwa.

Kitu chengine ni lugha. Sekondari hesabu zinakuja kwa Kiingereza, na wengi hesabu wanaiweza ila suali lenyewe hawalifahamu, basi kabla hajashika kalamu akuelezee kwa Kiswahili anaulizwa nini.

Wakati najua ni mdogo, skuli, kisha chuoni kwenye Kurani, magharibi ndo huyo anarudi kachoka. Dakika 20 baada ya isha zinatosha, masuali matatu manne, lakini kila siku, mana masaa matatu ya Jumapili usiku hayaingii kichwani kama kidogo kidogo cha kila siku. Tebo za kuzidisha msomeshe hata mkiwa njiani. Simu iweke mbali, kuna programu ukilipiga picha suali inakupa jibu na hatua zote, mtoto ananakili tu na kwenye chumba cha mtihani wa Form Two simu haingii.

Na pakimshinda kabisa usimfanyie. Mwambie aache hatua alizofika kama zilivyo asifute, wewe andika pembeni "hapa pamemshinda" utie saini, asubuhi ampelekee mwalimu wake.