Ukosefu wa ajira kwa vijana: maana yake na jinsi unavyopimwa

Kijana aliyemaliza masomo, hana kazi, na ana miezi sita hajatafuta kazi kwa njia yoyote, kitakwimu hahesabiwi kuwa amekosa ajira. Mwenzake aliyepata kibarua cha saa 1 tu kwa wiki nzima anahesabiwa kuwa ameajiriwa. Usipolijua hili, takwimu za ajira zitakupotosha kila unapozisoma.

Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, ili mtu aitwe asiye na ajira lazima masharti matatu yatimie kwa pamoja: wiki inayoulizwa hakufanya kazi ya malipo au faida hata kwa saa 1, yuko tayari kuanza kazi akiipata, na ametafuta kazi ndani ya wiki 4 zilizopita. Kutafuta ni kitendo: kupeleka barua, kuulizia kwa jamaa, hata kuhangaikia leseni ya biashara. Kutamani tu hakumo.

Na kijana ni nani? Umoja wa Mataifa huhesabu miaka 15 hadi 24, ilhali Mkataba wa Vijana wa Afrika wa 2006 unafika 35. Isitoshe, tangu 2013 wanatakwimu wa kazi walikubaliana kwamba anayelima chakula cha nyumbani kwake tu hahesabiwi kuwa na ajira, zamani alihesabiwa. Ripoti mbili zilizotumia vipimo tofauti hazilinganishwi.

Tuchukue vijana 100. Wanafunzi wasiofanya kazi ni 40, wenye kazi 36, wanaotafuta 9, na 15 hawasomi, hawafanyi kazi wala hawatafuti. Nguvukazi ni wenye kazi na wanaotafuta peke yao, yaani 45. Gawanya 9 kwa 45, unapata asilimia 20. Sasa wanne kati ya wale tisa wakate tamaa, waache kutafuta. Wanaotafuta wanabaki 5 katika nguvukazi ya 41, na kiwango kinashuka hadi karibu asilimia 12. Hakuna aliyeajiriwa! Ndiyo maana hutazamwa pia kipimo cha pili, cha walio nje ya kazi, masomo na mafunzo. Hapa ni 24 kati ya 100, na hawapungui hata wale wanne wakikata tamaa.

Sababu ya vijana kuumia kuliko wakubwa haiko kwenye uvivu, ingawa lawama hiyo haichoki kurudiwa. Biashara zikiyumba, kampuni huanza kwa kusimamisha kuajiri. Mwenye kazi anabaki na yake. Anayegonga mlango kwa mara ya kwanza ndiye anayeukuta umefungwa. Ikifika hatua ya kupunguza watu, wa juzi huondoka kwanza, kwa kuwa mara nyingi kiinua mgongo chake ni kidogo na bado hajaimudu kazi sawasawa.

Halafu kuna uzoefu. Mwajiri hajui mwombaji anaweza nini, na kumfundisha ni gharama ambayo akihama hufaidi mwingine. Kwa hiyo anaandika "uzoefu wa miaka 3" hata kwa kazi ya kujifunza kwa mwezi mmoja, kwani ni chujio rahisi la kupunguza rundo la maombi. Cheti nacho hutumika hivyohivyo. Mwanauchumi Michael Spence alieleza mwaka 1973 kwamba elimu humpa mwajiri ishara ya uwezo asioweza kuuona kwa macho. Tatizo ni kwamba wenye cheti kilekile wakiwa wengi, ishara hiyo haimtofautishi mtu na mwenzake.

Vijana wengi wana uzoefu ila hawauandiki, kwa kudhani kwamba kazi isiyo na mkataba si kazi. "Nilisaidia dukani" haimwambii mwajiri kitu. "Nilifunga hesabu ya mauzo kila jioni, nikaagiza bidhaa kabla hazijaisha" inamwambia mtu huyu anaaminika na fedha. Kosa jingine ni kutuma wasifu uleule kila mahali. Na anayedai ada ili akupe kazi, mwogope: mara nyingi kazi yenyewe haipo.

Kikwazo kinachosahaulika ni habari. Nafasi nyingi hujazwa kwa kuambiana kabla tangazo halijatoka. Mwanasosholojia Mark Granovetter aligundua, katika utafiti wake uliochapishwa 1973, kwamba waliopata kazi kupitia watu waliwategemea zaidi wale wanaoonana nao mara mojamoja kuliko marafiki wa kila siku. Marafiki wa kijana wasio na kazi husikia yaleyale anayoyasikia yeye. Fundi aliyewahi kumsimamia wakati wa mafunzo kwa vitendo husikia mengine.