Bima ya ziada ya gari la kukodi Tanga: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukikodi gari Tanga mjini, iwe IST ya pilikapilika za harusi au Noah ya kupeleka ukoo msibani Lushoto, kuna swali huja mwishoni, funguo zikiwa tayari mezani: "Tuweke na bima ya ziada?" Wapo wanaokataa papo hapo kwa kuona wanakamuliwa, na wapo wanaokubali ili roho itulie. Wengi wa pande zote mbili wamejibu bila kujua gari lenyewe lina bima gani.

Dhana: "Gari lina bima, kwa hiyo niko salama."

Bima gani? Bima ndogo, ile ya 118,000 kwa mwaka kwa gari dogo la binafsi, ndiyo sheria inayolazimisha, na inalipa madhara unayowafanyia wengine: bodaboda uliyemgonga, ukuta wa mtu pale Chumbageni, mwenda kwa miguu. Gari ulilokodi lenyewe haligusi. Ukiliingiza mtaroni, gharama yote ni kati yako na mwenye gari.

Bima kubwa ndiyo inayotengeneza gari lenyewe, lakini bei yake ni nyingine kabisa. Kwa gari la binafsi huanzia kama asilimia 3.5 ya thamani, kabla ya VAT. Gari la milioni 14 linafika 490,000, na VAT ya asilimia 18 inaipeleka hadi 578,200. Ukiona tofauti hiyo, hutashangaa kwa nini magari mengi ya mitaani yana bima ndogo tu.

Kuhakiki si kazi. Fungua ukurasa wa kuhakiki bima wa TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, ingiza namba ya gari, utaona kama bima iko hai na ni ya kampuni gani. Kisha mwombe mkodishaji akuonyeshe kavanoti yenyewe, yaani hati ya bima ya gari. Akianza kuzunguka maneno, jibu umeshalipata.

Dhana: "Ana bima kubwa, basi mimi sidaiwi kitu."

Hapa ndipo watu huumia zaidi, na kwa njia mbili.

Ya kwanza ni matumizi. Kwenye kavanoti pameandikwa gari ni la matumizi gani: binafsi, biashara, kukodisha. Watu wengi hapa mjini wanakodisha gari la nyumbani, wakilipa bima ya matumizi binafsi kwa sababu ni nafuu. Likipata ajali huku limekodishwa, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulitengeneza. Bima kubwa ipo, imelipiwa, na haina msaada. Mwenye gari atamgeukia nani? Wewe uliyetia sahihi. Kwa hiyo usiishie kwenye neno "kubwa". Soma na mstari wa matumizi.

Ya pili ni eksesi, yaani sehemu ya hasara ambayo mwenye bima hubeba mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa. Mara nyingi ni asilimia 10 ya gharama, lakini kuna kima cha chini. Tuseme matengenezo ni 2,400,000 na kima cha chini ni 500,000. Asilimia 10 ni 240,000, lakini italipwa 500,000, na mkataba wa kukodi karibu kila mara unamsukumia mzigo huo aliyekodi. Juu yake kuna siku ambazo gari limelala gereji bila kuingiza kitu. Mikataba mingine inazihesabu kwa bei ya kukodi, nazo zinaweza kupita gharama ya bampa.

Dhana: "Ukilipia ya ziada, umefuta kila kitu."

Kinachouzwa mezani mara nyingi si bima. Ni ahadi ya mkodishaji kwamba gari likiumia hatakudai, au atakudai kidogo. Kwenye fomu za makampuni makubwa utaona herufi CDW (Collision Damage Waiver). Kwa kuwa ni ahadi yake, mipaka anaiweka yeye, na ahadi ya mdomo bila karatasi usiilipie hata shilingi.

Vinavyoachwa nje hujirudia: tairi na rimu, vioo, na sehemu za chini ya gari. Anayepandisha Amani kwa gari la chini anachohatarisha ni sampo na shokapu, vitu vile vile visivyohusika. Kuliendesha ufukweni kule Ushongo nako hakumo. Maji ya chumvi yanakula breki na nyaya, na gari likizama mchangani wakati bahari inajaa, hakuna mkataba utakaokutetea. Kinga ya wizi nayo kwa kawaida ni ya gari zima kuibwa. Vioo vya pembeni na pawa windo vikichomolewa usiku umelala gesti, ulizia kabla kama vinahesabika.

Ahadi hiyo pia hufa yenyewe dereva akiwa amekunywa, leseni ikiwa imekwisha muda au si ya daraja husika (gari dogo la binafsi ni D), au usukani ukiwa kwa mtu ambaye hajaandikwa. Shemeji akikupokea pale Segera kwa sababu umechoka, jina lake liwe kwenye fomu.

Dhana: "Ni wizi tu" / "Lipia, usijiulize."

Piga hesabu. Uliza eksesi bila nyongeza ni kiasi gani, na ukilipa nyongeza inabaki kiasi gani. Tofauti ya hizo mbili ndiyo unayonunua. Kwa mfano, inashuka kutoka 500,000 hadi 200,000 kwa 15,000 kwa siku: unanunua kinga ya 300,000. Kwa siku tatu unalipa 45,000, na kama kutoa laki tano ghafla kutakuvuruga, tungelipia. Ukifika siku ya 20 umeshalipa 300,000 yote, hapo haina maana tena. Na kama gari lina bima ndogo tu, eksesi haipo hata ya kupunguza: unabeba thamani ya gari zima. Tafuta gari lingine, hata bei yake ikiwa juu kwa elfu ishirini kwa siku.

Lipia au usilipie, chukua video kabla ya kuondoka, mchana, gari likiwa limeoshwa, maana vumbi linaficha mikwaruzo. Pitia kona za bampa, rimu zote nne, kioo cha mbele, tairi la akiba na jeki, kilomita na mafuta. Mtumie mkodishaji hapo hapo ili saa ya ujumbe ibaki.

Dhana: "Ajali ndogo malizaneni barabarani."

Masharti ya bima kwa kawaida yanakataza kukiri kosa au kukubaliana malipo bila kampuni kujua. Ukimpa mwenye bodaboda laki moja na kuondoka, umempa mkodishaji sababu ya kukudai yote. Piga picha, mwite trafiki achore ramani ya ajali, mpigie mwenye gari papo hapo. Madai yatahitaji karatasi za polisi, ikiwemo ya ukaguzi wa gari. Aliyeumia apewe PF3, fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa.

Dhana: "Bima yangu ya ughaibuni inanifuata."

Bima ya gari ya Marekani kwa kawaida inaishia Marekani na Kanada. Kinga za kadi za benki zipo, lakini zina orodha ya nchi na aina za magari. Iulize benki kwa maandishi kabla ya safari.

Dhana: "Mombasa ni hapo tu."

Ukivuka Horohoro unahitaji Kadi ya Njano ya COMESA na barua ya idhini ya mwenye gari. Kadi hiyo inahusu madhara kwa wengine ukiwa Kenya. Haitengenezi gari ulilokodi.

Dhana: "Hata ukikodi na dereva, lipia."

Dereva akiwa wa kwao, anayeendesha ni mtu wao na uendeshaji ni jukumu lao. Ukikuta mstari wa nyongeza kwenye fomu, omba ukatwe kabla hujatia sahihi.